ROGUE: MZINGILE USIOKARIRIKA
Uhakiki wa mchezo wa kompyuta kwa jicho la mwandishi chipukizi

Wapo watakaosema kwamba jarida la fasihi si mahali pa kuzungumzia michezo ya kompyuta. Wataniambia, "We bwana, tuletee riwaya, tuletee ushairi, mambo ya gemu waachie watoto." Nawaheshimu, lakini nitawajibu kwa swali. Kazi inayoweza kumkalisha kijana kimya saa tatu nzima, moyo ukimdunda, kwa ajili ya herufi tu zilizopangwa kwenye kioo cheusi, haimhusu mwandishi? Sisi tunaotaka kuandika riwaya tunahangaika na nini kama si hicho hicho, yaani kumshika mtu kwa herufi peke yake?

Mchezo ninaouhakiki unaitwa Rogue. Hauna picha, hauna muziki, hauna video ya utangulizi. Una vyumba vilivyochorwa kwa mistari, vijia vya vitone, na herufi za alfabeti zinazotembea. Kila herufi kubwa ni dubwana. Wewe ni alama ya @ katika toleo la kwanza, au kiuso kinachotabasamu katika toleo la DOS. Basi. Lakini ndugu msomaji, usione umbo lake dogo ukaudharau. Ukianza saa mbili usiku utashtukia jogoo anawika.

HISTORIA YAKE KWA KIFUPI

Rogue ulizaliwa mnamo mwaka 1980 huko California, Marekani. Waliouanzisha ni wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman. Baadaye Toy alihamia Berkeley, na huko akaungana na Ken Arnold, ambaye ndiye aliyetengeneza maktaba ya programu iitwayo curses. Kazi ya curses ni kumwezesha mtengenezaji kuweka herufi mahali popote kwenye kioo. Bila hiyo herufi zingeendelea kuteremka mstari kwa mstari kama barua ya taipu.

Kabla ya Rogue ulikuwapo mchezo wa maneno ulioitwa Adventure, alioubuni Will Crowther na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977. Huo ulikuwa pango lenye mafumbo. Ukishayafumbua yote, kwisha kazi, kama kitendawili ulichokwisha kusikia jibu lake. Toy na Wichman walitaka mchezo ambao hata wao wenyewe waliouandika hawataweza kuujua mapema. Kwa hiyo wakaifanya kompyuta ichore mashimo mapya kila unapoanza.

Mwaka 1983 Rogue ulisambazwa ndani ya mfumo wa Unix wa Berkeley, toleo la 4.2, na hivyo ukafika vyuo vingi duniani. Katikati ya miaka ya 1980 ukatengenezewa toleo la kompyuta ndogo za DOS, likauzwa madukani. Ukoo wake ni mkubwa: NetHack ya mwaka 1987, Angband ya mwaka 1990, na hata Diablo ya mwisho wa mwaka 1996, ambayo wengi mnaijua kwa damu yake na mishumaa yake, ni mjukuu wa herufi hizi.

Je, sisi wa Chiwanda, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, tumeupataje? Kwa kivinjari. Mwaka 2015 maktaba ya Internet Archive ilifungua michezo ya DOS zaidi ya 2,000 ichezwe bila kusimika kitu chochote. Siri yake ni programu ya DOSBox, ambayo huigiza kompyuta ya zamani. Hiyo DOSBox ikageuzwa ili iweze kukimbia ndani ya kivinjari cha kawaida. Kwa hiyo ndani ya kompyuta yako ya leo unakuwa na kompyuta ya zamani ya kuigiza, na ndani ya hiyo ndimo mnamoishi Rogue. Uzuri ni kwamba ukurasa ukishapakuliwa, mchezo unaendeshwa na mashine yako mwenyewe, hauendi kuuliza Marekani kila unapopiga hatua. Mtandao ukikatika unaendelea kudunda.

Ubaya ni kwamba simu haikufai sana, maana mchezo huu unataka kibodi. Mimi nachezea kwenye steshenari moja kule Mbamba Bay, jioni, wakati wateja wa kuchapa barua na kutoa fotokopi wamekwisha. Na mchezo unaoendeshwa hivi kwa kawaida hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukikatika, au mtu akifunga dirisha akidhani ni uchafu, safari yako imekwenda na maji. Tutaona mbele kwamba hata waliotengeneza Rogue wasingekuonea huruma.

FANI

Tuanze na fani, kama tulivyofundishwa.

Muundo. Rogue una muundo wa moja kwa moja kuliko riwaya yoyote niliyowahi kusoma: unakwenda chini. Kuna ghorofa 26 za kushuka mpaka uanze kuitafuta Hirizi ya Yendor, na ukiipata unatakiwa upande nayo zote mpaka kwenye mwanga wa jua. Kabla ya kuipata hirizi huruhusiwi kupanda hata ghorofa moja. Ukishashuka umeshashuka. Kila ghorofa ina nafasi ya vyumba visivyozidi 9, vitatu kwa vitatu, vikiunganishwa kwa vijia. Ukikitazama kioo kwa mbali kinafanana na shamba la ngoro la Wamatengo kule milimani Mbinga: mashimo ya pembe nne, tuta baina ya shimo na shimo, na kila shimo limeficha chake.

Mandhari. Hayaelezwi. Hakuna mahali unapoambiwa ukuta una unyevu au popo wananuka. Kuna mstari, na giza. Vyumba vya juu vina mwanga, unaviona vyote mara uingiapo. Kadiri unavyoshuka vinazidi kuwa vya giza, unaona nafasi inayokuzunguka tu. Hofu inayozaliwa hapo haikuandikwa na mtu. Inatoka kichwani mwako mwenyewe. Hili ni somo kwa sisi tunaojaza kurasa mbili kwa maelezo ya machweo ya jua kabla mhusika hajafungua mdomo.

Wahusika. Hapa ndipo penye utamu. Alfabeti nzima ni wahusika, kuanzia A mpaka Z. A ni dubwana la maji ambalo halikuumizi mwili, ila likikugusa deraya yako ya chuma inapata kutu. L ni kijitu cha hadithi za Ireland. Huyo anakwapua dhahabu yako na kutoweka. N ni mrembo anayekuibia kitu cha uganga. Z ni zombi, yaani msukule wetu. Na neno lenyewe wanaisimu wengi wanalihusisha na lugha za Kongo, likavuka bahari pamoja na watumwa mpaka Haiti kabla ya kufika sinema za Marekani. Na Q ni kwaga, jamaa ya pundamilia aliyekuwa akiishi Afrika Kusini. Wawindaji walimmaliza, na wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka 1883. Mnyama aliyekwisha duniani yuko ndani ya Rogue anarusha mateke. Mtunzi hakusema lolote kuhusu hilo. Alihitaji tu herufi Q.

Angalia jinsi wahusika hawa walivyojengwa. Hakuna anayetoa hotuba. Kila mmoja anajulikana kwa jambo moja analolifanya. Ukimwona L hujiulizi sifa zake za ndani, unaishika mifuko yako. Katika madaftari yetu tumezoea kuandika: "Fulani ni kijana mwizi, mwenye tamaa na asiye na huruma." Rogue hauandiki hivyo. Anakuibia, wewe utajaza mwenyewe.

Lugha. Ni Kiingereza kifupi cha matangazo: umepiga, umekosa, una njaa. Kasoro kwa msomaji wetu ipo, nitaifikia. Lakini ufupi huo ni wa kuigwa. Neno moja tu, kwamba una njaa, linapotokea chini ya kioo, linatisha kuliko aya nzima ya vitisho.

MAUDHUI

Sasa, mchezo usio na hadithi una maudhui gani? Nasema unayo matatu.

La kwanza ni njaa. Mtu mgeni hudhani adui mkubwa wa Rogue ni joka. Sivyo. Adui wa kila siku ni tumbo. Unaanza na chakula kidogo. Kila hatua inakila. Unaambiwa una njaa, kisha umedhoofu, kisha unaanza kuzimia, na ukizimia madubwana hayasubiri uzinduke. Chakula kingine kiko mbele, chini. Hivyo mwoga anayebaki ghorofa za juu akipekua kila kona anakufa kwa woga wake, na mwenye pupa anayekimbilia chini anakutana na wakubwa zake kabla ya wakati. Kati ya njaa na haraka kuna njia nyembamba, na kuipita hiyo ndiyo mchezo wenyewe. Nani kati yetu atasema hayajui haya? Mvuvi wa usipa wakati wa mawimbi makali anapiga hesabu hiyo hiyo: nikibaki nchi kavu watoto watakula nini, nikiingia ziwani leo nitarudi? Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 700. Halina ubaguzi.

La pili ni elimu. Humo ndani unaokota dawa za chupa, hati na fimbo za uganga, lakini hujui kazi yake. Unaona tu: dawa ya bluu, dawa ya njano. Ukiinywa utajua. Moja inaponya, moja inapofusha, nyingine inakuchanganya uende kama mlevi. Hati moja inaimarisha deraya yako, nyingine inakulaza usingizi katikati ya maadui. Na sikiliza sasa: ukifa na kuanza upya, rangi zote zimechanganywa. Dawa ya bluu iliyokuponya jana leo inakupofusha. Huwezi kukariri!

Ndugu zangu, hapa nilisimama nikafikiri sana. Mimi ni mtu wa Kidato cha Nne. Wenzangu niliosoma nao wanajua jinsi tulivyosoma riwaya teule. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu: wangapi walivisoma vitabu vyenyewe, na wangapi walisoma miongozo? Dhamira ya kwanza, dhamira ya pili, mfano, ukurasa. Tulijua kwamba dawa ya bluu inaponya. Mtihani ukaja, tukainywa, tukapata alama, tukaenda zetu. Kisha baadhi yetu tukajiambia tunataka kuandika. Tukakaa mbele ya karatasi nyeupe tukakuta rangi zote zimechanganywa. Karatasi yako mwenyewe haina mwongozo. Dhamira ya ukombozi wa mwanamke uliyoikariri haitakuambia huyu mama katika sura ya tatu afungue mlango au asifungue.

Anayeendelea kucheza Rogue hubaki na kitu kimoja, namna ya kukabili asichokijua. Anajifunza kwamba dawa ngeni haijaribiwi akiwa amezingirwa; hujaribiwa akiwa na afya, mgongo ukiwa ukutani, mlango ukiwa karibu. Anajifunza kwamba kitu kinachookotwa mara nyingi huenda si cha hatari sana, maana vya ajabu ni adimu. Hayo hayaandikwi kwenye kidesa. Mvuvi hakariri upepo wa jana. Anajifunza kuusoma. Elimu ya aina hiyo ndiyo anayoihitaji mwandishi, na ndiyo ambayo miongozo inatunyima huku ikituchekea.

La tatu ni kifo, nalo nitalipa sehemu yake.

KIFO

Rogue hauna kurudi nyuma. Unaweza kuhifadhi safari yako ili ukalale, lakini ukiifungua tena lile faili la akiba linafutwa. Lengo ni kwamba usipate mlango wa uani. Ukifa unachorewa kaburi: jina lako, dhahabu yako, aliyekuua, na mwaka. Katika toleo la Unix wakati wa kuhesabu unakatwa asilimia 10 ya dhahabu yako kwa kosa la kuuawa. Hata marehemu anatozwa kodi, jamani!

Riwaya zetu zinakitazamaje kifo? Nikichukua zile nilizozisoma na hadithi tunazoletewa na wenzetu chipukizi, naona vifo vya aina mbili.

Kuna kifo cha funzo. Mhusika mbaya anakufa ili tujue ubaya haulipi. Binti aliyekimbilia mjini anaugua, anarudi kijijini, anafariki, mama analia, mwisho. Kifo hiki ni fimbo ya mwalimu. Msomaji anakiona kinakuja tangu ukurasa wa kumi.

Kuna kifo cha kukata tamaa, na bingwa wake ni Euphrase Kezilahabi. Rosa katika Rosa Mistika (1971) anajiua. Kazimoto katika Kichwamaji (1974) anajiua. Vifo hivi si vya mchezo, vimetikisa kizazi baada ya kizazi. Lakini navyo ni hoja. Mtunzi ana jambo la kusema kuhusu jamii au kuhusu maana ya maisha, na maiti ni hitimisho la hoja yake.

Rogue una kifo cha aina ya tatu ambacho katika maandishi yetu sikioni sana: kifo kinachojumlishwa. Hakuna anayekiamua. Ulikula mapema kidogo kuliko ilivyopasa. Ulipigana mlangoni vizuri, kisha ukashuka ngazi bila kupumzika, maana ulijiona mwamba. Ukasoma hati ngeni, ikaita dubwana. Ukakimbilia kijia ukakuta hakina mlango. Ukifuatilia nyuma huoni kosa moja kubwa la kulaumu. Unaona mambo madogo manane, kila moja likiwa na sababu nzuri wakati ule. Kaburi linaandika kwamba umeuawa na hobigoblini. Uongo. Hobigoblini alikuwa wa tisa.

Si ndivyo watu wanavyokufa? Si ndivyo ndoa zinavyovunjika, duka linavyofungwa, kijana anavyojikuta ana miaka thelathini hajaandika kitu? Hakuna joka. Kuna hesabu ndogo ndogo. Riwaya itakayoweza kunionyesha mhusika akijumlishwa namna hiyo, nami nikiwa upande wake kila hatua nikisema "hata mimi ningefanya hivyo," mpaka ghafla namwona chini ya jiwe, hiyo nitainunua kwa nauli yangu ya kwenda Songea.

Upande wa pili kuna jambo tunalolipenda mno, nalo ni mhusika kuokolewa na bahati. Amefungwa kamba, bastola iko kichwani, mara polisi wanavunja mlango. Katika Rogue bahati ipo sana, kuliko hata katika bao. Kwenye bao la mashimo 32 na kete 64 kila kitu kiko wazi mbele ya wachezaji wote wawili. Rogue unakuficha nusu ya dunia. Lakini bahati ya Rogue haikupendi. Fimbo iliyokuokoa haikuletwa kwa sababu wewe ndiwe stelingi. Iliokotwa ghorofa ya tatu, ukaibeba, ukaacha kitu kingine kwa ajili yake. Bahati imelipiwa. Chipukizi mwenzangu, mhusika wako akiokolewa, hebu angalia: wokovu wake aliubeba tangu sura ya tatu, au umemdondoshea wewe mtunzi kutoka mawinguni?

KASORO

Mhakiki anayesifu tu ni mpiga debe. Rogue una kasoro, na mojawapo ni kubwa.

Kwanza, kila kiumbe ni adui. Hakuna wa kuuliza njia, hakuna wa kugawana naye chakula, hakuna mwenyeji. Unaingia nyumbani kwa watu, unaua, unachukua dhahabu, na unahesabiwa shujaa kwa kiasi ulichobeba. Tukisema kweli, sisi wa bara hili hadithi hiyo tunaijua kutoka upande wa herufi. Linganisha na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Mle ndani mna manyani wawili wanaopigwa kila usiku, na msomaji anapata uchungu wa kutaka kujua kwa nini, hadi inafichuka kwamba manyani hao ni ndugu wa damu wa anayewapiga. Hicho Rogue hauwezi. Katika Rogue O ni O tu. Huwezi kumpiga Z ukagundua kuwa alikuwa kaka yako. Kumbe palipotakiwa pawe na moyo wa hadithi pana namba za mapigo tu. Uzito wote uko kwa yule anayecheza. Anayeuawa hana chake.

Pili, hauna usemi. Mtu peke yake chini ya ardhi, hasemi na hasemeshwi. Hadithi za bibi zetu zilikuwa na wimbo katikati, na wasikilizaji wakiitikia. Hapa huitikii chochote. Ingawa niseme ukweli, pale steshenari nikicheza, watu wawili watatu husimama nyuma yangu, nao ndio huitikia: "Usiinywe hiyo! Kimbia kushoto!" Labda mchezo huu ulikuwa unawasubiri hao.

Tatu ni lugha. Kijana asiyejua Kiingereza atajua ana njaa pale tu atakapoanguka.

Baadhi ya wapenzi wa Rogue watasema naudai usichoahidi: mchezo wa mwaka 1980, herufi tupu, nataka uwe na moyo wa Shaaban Robert? Nakubali kwamba mashine za wakati ule zilikuwa ndogo. Lakini kumpa mnyama ndugu hakuhitaji mashine kubwa. Kulihitaji kufikiri hivyo tu. NetHack baadaye ulimpa mchezaji mbwa au paka wa kwenda naye, na wachezaji wakaanza kuhuzunika. Herufi d moja ndogo ilitosha.

SISI JE?

Mwaka 1990 Kezilahabi alitoa Nagona, na mwaka 1991 akatoa Mzingile. Wasomaji waliozoea riwaya zake za mwanzo walibaki midomo wazi, maana humo njia iliyonyooka haipo, na unayemfuata hujui kama ni mtu au ni wazo. Wengi wakasema vitabu hivyo ni vigumu, wakarudi kwenye miongozo. Sisemi kwamba Kezilahabi aliijua Rogue. Nasema kwamba kipo kiu kimoja katika kazi hizi: kumwingiza mtu mahali ambapo ramani ya mwingine haimfai. Kwa hiyo mzingile si mali ya Marekani. Neno tunalo tangu zamani, na mfano wa juu kabisa tunao katika lugha yetu.

Yupo atakayesema, basi tutengeneze Rogue ya Kiswahili. Vizuri. Alfabeti yetu haitumii Q wala X, na C peke yake haisimami bila H, lakini waliobaki wanatosha: CH ni chunusi, J ni jini, K ni kibwengo, M ni msukule, N ni nunda, P ni popobawa, Z ni zimwi lenyewe. Inasisimua. Lakini tahadhari! Kubadili majina bila kubadili sheria ni kumvisha mzungu kanzu. Chunusi lazima afanye jambo ambalo chunusi tu hulifanya: amvute miguu mtu aliye majini, tena aliyekwenda kuoga peke yake. Msukule lazima awe mtu wa mtu, mwenye mama anayemlilia huko juu, na ukimpiga mchezo ukukumbushe. Hapo ndipo tutakuwa tumejaza lile pengo la Rogue, siyo kuunakili.

Na sisi ambao hatujui kutengeneza programu, tuna karatasi. Napendekeza zoezi, nimelifanya na linauma. Chukua hadithi yako uliyokwama. Mpe mhusika wako vitu vitatu tu vya kubeba, na usimwongezee hata kimoja. Andika pembeni kila uamuzi mdogo anaoufanya, na kila uamuzi umgharimu kitu. Usimwambie mwisho wake. Wewe mwenyewe usiujue. Akifika mahali pa kufa, usimwite polisi. Akifa, andika kwenye kaburi aliyemwua, kisha rudi nyuma uhesabu kama ni kweli.

Atakayejaribu atuletee matokeo jaridani, hata kama ni kurasa mbili. Na anayeona nimekosea kuiweka alfabeti ya Rogue meza moja na Adili na Mzingile, naye achukue kalamu anijibu. Nitamsoma. Ila kwanza ashuke japo ghorofa nne, na dawa ya bluu aiache mpaka awe na mgongo ukutani.